Anaiachia kwa Nini?

Mjomba wangu alikuwa dalali wa almasi Maganzo, kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, si mbali na geti la mgodi wa Mwadui. Kazi yake ilitaka lupu, mizani ndogo na subira. Akiletewa jiwe la bei ya kutamanisha, lupu ilibaki mfukoni kwanza. Alimkazia macho aliyelileta na kumwuliza, "Unaliachia kwa nini?" Mtu akisema mtoto karudishwa nyumbani kwa ada, au ana mgonjwa kalazwa Kolandoto, mjomba alikuwa ameshaelewa bei imeshukaje, na mazungumzo yaliendelea. Mtu akianza kuzungusha maneno, jiwe lilirudi mikononi mwake bila kutazamwa.

Mimi sikuingia kwenye almasi. Bidhaa niliyoizoea ni kompyuta za mezani za gemu, zile kubwa zilizoundwa kiwandani zikiwa kamili, zenye kadi nzito za grafiki na feni tatu nne. Nimenunua yangu, nimewanunulia jamaa, nimewasindikiza vijana wa Mhunze, Kahama na Geita madukani Mwanza na Kariakoo. Katika vipimo vyote nilivyojifunza, hakuna kilichoniokolea pesa kama swali lile la Maganzo. Bei ya kitu kizuri haishuki bure. Kuna kilichoisukuma, na ukikijua kilichoisukuma unajua kama umepata punguzo au umeuziwa tatizo la mtu mwingine.

Kwetu Kishapu tulikulia kwenye mabanda ya gemu. Mhunze palikuwa na chumba kimoja cha bati, televisheni ya chogo, PlayStation 2, na watoto tuliobana sarafu mkononi hadi zikalowa jasho. Ukifungwa unampisha mwenzako. Kompyuta tuliijua kuwa ni kitu cha halmashauri, cha kuchapia barua. Nilipokwenda kusoma SAUT, kule Malimbe, nikakuta wenzangu wanacheza PES 2013 na GTA San Andreas kwenye laptopu zinazopata joto la kuchoma mapaja. Kisha nikaingia chumba cha kijana mmoja wa Bukoba aliyekuwa na kompyuta ya mezani, kasha jeusi lenye kioo ubavuni. Kwenye skrini yake magari yalipita bila kukwama hata kidogo. Niliona mvua ikiteleza kwenye boneti, niliona majani ya miti yakigeuka na upepo. Niliipenda mashine ile palepale. Gemu nzuri ni kazi ya wachoraji, wanamuziki, waandishi na wahandisi mamia, na kijana wa Kishapu anastahili kuiona kama walivyotaka ionekane, si kwa kukatikakatika. Ndiyo maana suala la punguzo nalichukulia kwa uzito. Kwa mwenye mshahara wa Ulaya punguzo ni raha ya ziada. Kwetu ndilo linaloamua kama mlango utafunguka au hautafunguka.

Nilianza kusaka wakati mbaya kuliko wote. Septemba 2020 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya RTX 3080 kwa bei ya dola 699, na walioipata kwa bei hiyo walikuwa wachache sana. Korona ilikuwa imewafungia watu ndani, viwanda vya chipu vilizidiwa na oda, na wachimbaji wa sarafu ya mtandaoni ya Ethereum walikuwa wakizoa kadi hizohizo kwa makasha. Mwaka 2021 walanguzi waliiuza zaidi ya maradufu. Mafundi niliowajua Mwanza walikuwa na msimamo mmoja: kompyuta ya gemu unaunda mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, ya kiwandani ni ya wasiojua. Msimamo huo ulikuwa na ukweli wake katika nyakati za kawaida. Lakini binamu yangu anayefanya kazi Dubai alinipigia simu akaniambia nitazame upande mwingine. Katika maduka ya kule, kompyuta nzima yenye kadi ile, pamoja na prosesa, RAM, SSD, kasha na Windows yenye leseni, wakati mwingine ilizidi kidogo tu bei ya kadi peke yake mikononi mwa mlanguzi.

Wanaiachia kwa nini? Jibu lilikuwepo, tena la wazi. Watengenezaji wakubwa kama Dell, HP na Lenovo huagiza kadi kwa mikataba ya idadi kubwa, iliyosainiwa mapema. Kadi zao ziliendelea kufika wakati rafu za maduka ya vipuri ziko tupu, na wao walitaka kuuza kompyuta, si kulangua kadi. Hakuna aliyeibandika bei ile maneno ya wino mwekundu, wala hakuna aliyeiita ofa. Lilikuwa punguzo lisilo na tangazo. Tangu hapo nimeamini kwamba punguzo kubwa mara nyingi halitangazwi, kwa sababu anayelitoa hajioni kama anatoa punguzo.

Pamoja na hayo yote, sikununua mwaka ule. Pesa haikutosha. Nilichofanya ni kuanza daftari: mashine, duka, tarehe, bei, na maneno machache pembeni kuhusu kwa nini bei imepanda au imeshuka. Daftari hilo ni la kawaida, la mistari, la shule ya msingi, na ninalo mpaka leo. Mtu asiyejua bei ya mwezi uliopita hawezi kujua kama ya leo ni nafuu. Atamwamini aliyeandika kibao.

Kisha mambo mawili yakafuatana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, na uchimbaji wa sarafu ile kwa kadi za grafiki ukakoma. Kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. Mwezi uliofuata Nvidia ikatoa RTX 4090, na kila duka lenye kompyuta za kizazi cha nyuma likaanza kuzisukuma zitoke kabla mzigo mpya haujaingia. Kwenye daftari langu mistari ya wiki zile inashuka kama ngazi. Binamu aliniwekea macho kwenye duka moja la Bur Dubai, na kabla Novemba haijaisha tulikuwa na kompyuta ya kiwandani, mpya, yenye RTX 3080, kwa bei ambayo mwaka mmoja nyuma isingenunua hata kadi yake.

Novemba ndiyo kilele cha tangazo la punguzo duniani. Marekani wana Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Shukrani. Nchi za Ghuba, ambako Ijumaa ni siku ya heshima, wafanyabiashara waliibatiza jina la Ijumaa Nyeupe. Watu wengi huisubiri wakidhani bei yote hushuka siku ile. Daftari langu linasema vingine. Mashine niliyoitaka ilikuwa imekwisha kushuka wiki kadhaa kabla, na Ijumaa yenyewe iliongeza kibodi na kipanya. Nyingine nilizozifuatilia zilipandishwa mwanzoni mwa mwezi, kisha zikashushwa hadi pale zilipokuwa Oktoba, na kibao kikubwa kikawekwa juu. Siwalaumu wauzaji sana. Ndivyo biashara ya msimu ilivyo, hata kanga hupanda bei Idi ikikaribia. Ila anayetoka Kishapu na akiba ya mwaka mzima hawezi kumudu kudanganywa na kibao.

Kusafirisha kuna elimu yake, na wengi hupoteza punguzo lote hapa. Wakala wa mizigo kutoka Dubai hadi Dar es Salaam hutoza kwa kilo, au kwa nafasi kama kasha ni kubwa kuliko uzito wake, na kompyuta ya gemu ni vyote viwili: nzito na pana. Kadi kubwa ya grafiki huning'inia kwenye mazabodi kwa upande mmoja. Kasha likirushwa au gari likipita kwenye matuta, nafasi yake hupasuka. Kwa hiyo binamu aliitoa, akaifunga peke yake, akajaza sponji ndani ya kasha. Kingine ni umeme. Sisi tunatumia volti 230. Pawasaplai nyingi za sasa hupokea kuanzia 100 hadi 240 bila tatizo, lakini baadhi ya zile za bei ya chini zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hupokea 115 tu. Mashine ya Marekani yenye bei ya ajabu lazima ipigwe picha kwenye lebo ya pawasaplai kabla hata ya kuulizwa mwisho wa bei ni ngapi. Mwombe muuzaji picha hiyo. Anayekataa kuipiga ameshajibu.

Halafu kuna Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako ni lazima nikae kidogo, kwa sababu ndiko vijana wengi wa kwetu huishia. Kariakoo ina kila kitu na ina watu waungwana wengi tu. Lakini kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi mno kwenye fremu za kompyuta: "Hii ni Core i7, bosi." Basi. Kana kwamba i7 ni daraja moja lisilobadilika tangu lianze. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Core i3-12100, ambayo jina lake linasikika dogo, ilitoka 2022 na inaiacha mbali ile i7 ya zamani katika karibu kila kazi. Namba inayokuja baada ya kistari ndiyo yenye habari. Tarakimu za mwanzo ni kizazi. Kijana anayelipa bei ya i7 bila kuuliza kizazi ananunua herufi na tarakimu moja.

Kadi nazo zina majina yanayofanana kwa makusudi. RTX 3060 ya kwanza, ya mwaka 2021, ina kumbukumbu ya GB 12. Mwishoni mwa 2022 ikaja nyingine yenye jina hilohilo na GB 8, na si kumbukumbu tu iliyopungua, hata kasi ilishuka. RTX 3050 iko ya GB 8 na ya GB 6, na hazilingani. Kompyuta ya kiwandani hupenda kuandika jina la kadi kwa herufi kubwa mbele ya kasha na kunyamaza kuhusu mengine: RAM ni kipande kimoja badala ya viwili, hivyo prosesa inapokea data kwa njia moja wakati ingepokea kwa mbili, SSD ni ndogo hata gemu mbili kubwa hazikai pamoja, mazabodi na pawasaplai ni za umbo la kampuni hiyohiyo, kwa hiyo zikiharibika huwezi kuchukua za duka lolote. Hili la mwisho linajulikana sana kwa baadhi ya matoleo ya Alienware Aurora na kwa kompyuta nyingi za Dell na HP. Halizifanyi kuwa mbaya. Linamaanisha tu kwamba bei iliyoshuka ina gharama inayokungoja mbele, na gharama hiyo ihesabiwe sasa.

Kuna punguzo jingine ambalo sababu yake ilitangazwa na mwenye mali mwenyewe. Julai 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika polepole. Ilitoa marekebisho ya programu na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Baada ya hapo nilianza kuona kompyuta za i9 za vizazi hivyo zikishuka bei, zikisifiwa kwa nguvu zake zote. Nguvu ilikuwa kweli. Mashine mpya iliyokwisha kupata marekebisho yale, na dhamana yake ikiwa hai, nilimshauri kijana mmoja wa Kahama aichukue, na hajajuta. Iliyotumika miaka miwili bila marekebisho hayo, nilimwambia mwenzake aiache hata kama ingepunguzwa tena. Bei ile ile, jina lile lile, lakini historia tofauti kabisa.

Kwa walio wengi, hata hivyo, kompyuta mpya ya gemu itabaki mbali kwa muda, na hapa ndipo eneo letu la migodi lina faida ambayo Dar es Salaam haina. Migodi, mabenki na miradi mikubwa hununua kompyuta nzito za wahandisi, za kuchora ramani za miamba na mashimo. HP Z440, iliyotoka mwaka 2014, ina pawasaplai ya wati 700 na prosesa ya Xeon. Dell Precision T5810 ni ya ukoo huohuo. Hazina taa za rangi wala kioo, lakini ukiingiza kadi nzuri ya grafiki ndani yake unapata mashine ya gemu ya kuheshimika, kwa sababu vitu vya gharama, yaani kasha imara, umeme wa kutosha na RAM nyingi, vimo tayari. Mhandisi mmoja tuliyesoma naye ndiye aliyeniambia kwamba ofisi yao hubadilisha mashine kwa ratiba na kuziuza za zamani kwa zabuni, kwa mafungu. Nilikusanya vijana wenzangu, tukachanga, tukaomba fungu zima. Bei tuliyopata kwa kila mashine ilikuwa chini ya nusu ya bei ya dukani Mwanza, pamoja na karatasi halali za mauzo, ambazo mimi nazihesabu kuwa sehemu ya bidhaa. Mashine isiyo na risiti ya EFD au hati ya mnada ni nafuu mpaka siku polisi wanapouliza ilikotoka.

Tofautisha hizo na zile ndogo za ofisi, Dell OptiPlex nyembamba zinazojaa kila fremu. Pawasaplai yake ni ndogo na haina waya wa kulisha kadi kubwa. Itaweza kadi fupi ya wati 75 kama GTX 1650 na hapo ndipo mwisho wake. Anayeiuza kama kompyuta ya gemu anauza matumaini.

Mashine za wahandisi nazo zilipata sababu mpya ya kushuka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Ofisi nyingi duniani zilizitoa. Sababu ya wazi, na kwa mchezaji wa gemu za zamani na za kati ni neema. Lakini sababu hiyohiyo inauma upande mwingine: Valorant kwenye Windows 11 hudai mifumo ya usalama ya TPM 2.0 na Secure Boot, na Battlefield 6 hudai Secure Boot ndipo ifunguke. Kijana akitaka gemu za namna hiyo, namwambia mapema kwamba Z440 si njia yake. Akitaka GTA V na mamia ya gemu za miaka kumi iliyopita, namwambia asilipe zaidi.

Sasa niseme la Geita, ambalo ni zito kwangu. Kwenye machimbo bei za vitu hufuata maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Duara likitema, kijana aliyekuwa akilala kwenye turubai anaamka na pesa ya kununua kompyuta bora kuliko ya mkurugenzi, na hataki kusubiri wala kupunguziwa. Nimewahi kuwasihi watu Katoro wasubiri wiki mbili tu, wakakataa; pesa ya dhahabu ina haraka yake. Na duara likikauka, mashine zilezile zinarudi sokoni. Huko ndiko kulikokuwa na punguzo kubwa kuliko lolote nililoliona kwenye daftari. Mwaka 2020, mgodi wa Mwadui uliposimamisha uzalishaji kwa sababu ya korona, niliona hali kama hiyo nyumbani: televisheni, redio, PlayStation, vyote vikitolewa nje kwa bei ya haraka.

Kijana mmoja aliniletea kompyuta Katoro, RTX 3070, safi, ina risiti zote. Bei aliyoitaja ilikuwa robo ya thamani yake. Nikamwuliza anaiachia kwa nini. Alikuwa na mke aliyelazwa. Nilifungua daftari mbele yake nikamwonyesha mashine kama ile inauzwaje Mwanza, na tukakubaliana bei ya kati ambayo mimi ningeweza kuilipa na yeye angeweza kutembea nayo kichwa juu. Mjomba alikuwa akisema, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kwamba shida ya mtu si bidhaa. Nami naliamini hilo bila kusita. Kujua sababu ya bei si silaha tu ya mnunuzi. Pia kunakuambia ni wakati gani uache kushusha. Nilivuka na mashine ile Busisi kwa kivuko, nimeishikilia pembeni ya gari, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Siku hizi ni dakika chache.

Kupima ni kupima. Kabla ya kulipa, mashine iwashwe na gemu nzito ichezwe walau nusu saa, si kutazama dawati la Windows na kuridhika. HWiNFO itakuonyesha joto la prosesa na kadi, CrystalDiskInfo itakuambia SSD imeandikwa data kiasi gani na ina afya gani. Sikiliza feni, inayokwaruza imekwisha. Fungua kasha utazame vumbi, maana vumbi jekundu lililogandamana kwenye mapezi ya kupozea linakueleza mashine ilikofanyia kazi. Chukua namba ya mashine uiangalie kwa mtengenezaji kama dhamana bado ipo na kama inafanya kazi nje ya nchi iliponunuliwa. Na uhesabu umeme wa LUKU. Mashine inayokula wati 450, saa nne kwa siku, inamaliza uniti 1.8; kwa kuwa shilingi elfu moja inatupa uniti 2.8 hivi, hiyo ni zaidi ya shilingi 600 kila siku. Kwa mwenye banda hilo ni swali la faida au hasara, na kadi mpya inayofanya kazi ileile kwa wati chache inaweza kuwa rahisi kuliko ya zamani iliyopunguzwa.

Mwishoni mwa 2025 upepo ukageuka tena. Bei ya RAM ilipanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiandika, kwa sababu viwanda vikubwa vitatu, Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za mitambo ya akili bandia. Desemba Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa ambayo wengi wetu tulinunua kwa miaka. Ghafla tukarudi mahali pa 2021: kompyuta ya kiwandani iliyokwisha kuundwa kabla ya kupanda, ikiwa na GB 32 tumboni, ikawa rahisi kuliko kununua vifaa vyake. Hata zile Z440 zilizojaa RAM zikaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Wakati huohuo mpwa wangu wa Mhunze, binti wa dada yangu, alikuwa ametenga fedha za kufungua chumba cha gemu na kuhariri video za harusi. Alinipigia: "Shikamoo mjomba. Nimepata mtu Mwanza, ana Lenovo Legion mpya, hajapunguza hata senti." Nikamwuliza sababu ya kuuza. Alikuwa ameshauliza mwenyewe: kodi ya fremu imefika na mwenye jengo hasubiri, lakini muuzaji anajua RAM imepanda, kwa hiyo kwenye bei hatikisiki. Nilimwambia basi aiache bei ilipo, aombe vitu ambavyo muuzaji anavyo na havimuumi. Akaomba UPS iliyokuwa imekaa dirishani, skrini ya inchi 24 iliyokuwa ya maonyesho, dhamana ya miezi sita iliyoandikwa na kupigwa mhuri, na risiti ya EFD ya kiasi chote. Walizungumza mchana kutwa, akaondoka na vyote. Nilivihesabu kwenye daftari: thamani ya vile vitu ilizidi punguzo lolote ambalo ningethubutu kumwombea kwa fedha taslimu.

Kadi aliitoa mwenyewe, akaipakata hadi Maganzo, na kasha likaja chini ya kiti likiwa limelazwa. Chumba kimefunguliwa. Harusi zinalipa LUKU mchana, gemu zinalipa pango jioni, na sasa anataka mashine ya pili. Nimemwambia asinunue mpya mwezi huu. Ofisi moja ya mradi huko Geita inamaliza mkataba wake na kompyuta za wahandisi zitauzwa kwa mafungu. Yeye na wenzake watatu wameshaanza kuchanga.